UZI: Kabla hujapanda mkoko hata mmoja, pima maji kwanza. Wataalamu wa mikoko tukutane hapa

Bwana_Bamvua (mleta mada)

Wakuu wa pwani, msimu wa kampeni za kupanda mikoko unakaribia, na tangazo litakuwa lile lile: leo imepandwa miche elfu kadhaa. Iliyobaki hai baada ya miaka mitatu huwa haitangazwi. Ufilipino walimwaga fedha nyingi kwenye kazi hii kwa miongo, na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kwa jumla miche iliyopona ni asilimia 10 hadi 20 tu. Chanzo kikubwa hakikuwa uvivu wala wadudu. Walipanda mti usiofaa mahali pasipofaa: mkoko kwenye tope tupu la mbele, upande wa bahari, ambapo kwa asili ingeota mchu na mlilana (aina nyingine za miti ya mikoko), au pasingeota chochote.

Kwa nini kila mtu anakimbilia mkoko, yaani Rhizophora mucronata? Kwa sababu mbegu yake ni ndefu, unaiokota, unaichomeka, unapiga picha. Na kwa nini tope la mbele? Kwa sababu halina mwenyewe. Nyuma kuna shamba la chumvi la mtu, jaruba la mpunga, kiwanja cha hoteli. Tope la mbele halimgombanishi mtu na mtu.

Swali la kwanza kwenye kazi hii liwe: kwa nini mikoko haipo hapa sasa? Mti mmoja mzima wa mkoko unaangusha mbegu nyingi kila msimu na bahari inazisambaza bure. Kama mbegu zinafika na bado hapaoti kitu, kuna kinachozuia, na huo mche wako wa kiriba utakutana nacho hicho hicho. Vizuizi vyenyewe si vingi: maji yanakaa mno, maji hayafiki, chumvi imezidi, udongo wa mvua umefukia mizizi, mifugo wanakula, au watu wanakata. Ukishajua ni kipi, ndipo uagize miche, au usiagize kabisa.

Kijana_wa_Mkinga

Mkuu, umenigusa. Kikundi chetu cha BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) kimepata mfadhili wa miche 20,000 ya mkoko. Eneo tulilooneshwa ni lile la mbele ya msitu, maji yakipwa panabaki tope na nyasi bahari kidogo. Hekta 2. Nyuma ya msitu kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa, kama hekta 6. Tufanyeje? Mfadhili anataka idadi.

Bwana_Bamvua

Penye nyasi bahari kwa kawaida si mahali pa msitu wa mikoko. Ziacheni. Nyasi bahari nazo zinahifadhi kaboni kwenye udongo, ndizo malisho ya tafi, na ukizikanyaga kuchomeka miche unaharibu kitu kimoja ili kuweka kingine kitakachokufa. Hiyo hekta 2 ifute kwenye mpango. Kazi yenu iko kwenye hizo hekta 6 za chumvi.

Miche 20,000 kwa hekta 2 maana yake mmepangiwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, kwa sababu hekta moja kwa nafasi hiyo inaingia miche 10,000. Kwa mita 1.5 inaingia kama 4,400, kwa mita 2 ni 2,500. Mfadhili anayetaka idadi mpeni idadi ya hekta zilizoota.

Mama_Matope

Nakazia hapo kwa nyasi bahari, halafu niongeze namna ya kupima, maana "pima maji" watu wanaisikia kama kazi ya injinia. Si kweli. Unahitaji jedwali la maji la bandari iliyo karibu (linalotaja saa na kimo cha kupwa na kujaa), vijiti vya mita 2, chupa ndogo za plastiki na siku isiyo na upepo.

Chukua siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa. Chomeka vijiti kwenye mstari kuanzia ukingo wa bahari hadi nchi kavu, kimoja kila mita 20 au pale ardhi inapobadilika. Kwenye kila kijiti funga chupa zilizo wazi juu, zipishane kwa sentimita 10, na pima urefu wa mdomo wa kila chupa kutoka ardhini. Maji yakipwa, chupa ya juu kabisa iliyojaa inakuambia maji yalifika wapi. Watu wengine wanapaka kijiti chaki ya rangi, maji yanaifuta. Inafaa, ila kiwimbi kidogo tu kinakudanganya sentimita kadhaa.

Hesabu ni ya kutoa. Jedwali linasema maji yatajaa mita 3.6. Kijiti kinaonyesha maji yalisimama mita 1.4 juu ya ardhi. Basi ardhi hapo iko mita 2.2 juu ya sifuri ya jedwali. Fanya hivyo kwa vijiti vyote, unapata umbo la ardhi yako.

Halafu, na hii ndiyo hatua inayorukwa, rudia zoezi hilo hilo siku hiyo hiyo ndani ya msitu mzima ulio jirani. Andika mlilana unaanzia mita ngapi, mkoko unaishia ngapi, mkandaa uko wapi. Hiyo ndiyo ramani yako ya kupandia. Usichukue vipimo vya Lamu ukavipeleka Kilwa. Na jedwali likikosea kidogo si neno, linakosea sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo ulinganisho unabaki kweli.

Kanuni ya jumla: mikoko inaishi nusu ya juu ya kupwa na kujaa, kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi maji makubwa ya bamvua. Pwani yetu wastani huo uko karibu mita 2 juu ya sifuri ya jedwali. Ukipata kijiti ambacho ardhi yake iko mita 1.2 juu ya sifuri hiyo, hapo usipande kitu.

Fundi_Chelezo

Dada Mama Matope amemaliza. Kama mna mpira mwembamba wa kuonyesha maji, ule wa mafundi wa msingi wa nyumba, unaweza kuunganisha vijiti hata siku za maji mafu, yaani maji madogo. Hakikisheni tu hauna kipovu cha hewa ndani. Kipovu kimoja kinakupa kosa la sentimita 5, na kwenye mikoko sentimita 5 ni nyingi.

Mkandaa_Mkavu

Sikubaliani na mleta mada kwa asilimia mia. Hoja ya "bahari italeta mbegu" ni nzuri pale msitu mama upo karibu na mikondo iko wazi. Kuna maeneo yamekatwa kwa kufyeka kabisa, Rufiji kaskazini kwa mfano, kwenye majaruba ya mpunga yaliyoachwa. Pale magugu yanachukua nafasi kabla mbegu haijashika. Mkandaa nao mbegu yake haiendi mbali, nyingi zinaangukia chini ya mama. Ukisubiri asili hapo utasubiri sana. Kupanda kuna mahali pake.

Jambo la pili ambalo mleta mada hajaligusa ni ukataji. Mkoko na mkandaa ukikatwa chini ya majani hauchipui tena, kisiki kinaoza. Mchu unachipua, mkomafi unachipua. Kwa hiyo msitu uliovunwa boriti kwa muda mrefu unabadilika aina bila mtu kutambua: mikoko mizuri inaisha, mchu unabaki, watu wanasema "msitu upo". Upo, ila siyo ule.

Bwana_Bamvua

Ndugu Mkandaa, hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Sisemi msipande. Nasema kupanda kuwe hatua ya mwisho. Fungua maji, subiri msimu mmoja wa mbegu, hesabu miche iliyojileta, kisha pandia mapengo. Jaruba la Rufiji lina shida nyingine ambayo kupanda peke yake hakuiondoi: tuta la mkulima linazuia mkondo, na maji matamu ya mto yanalea magugu. Ondoa tuta, maji ya chumvi yakiingia magugu mengi yatakufa yenyewe.

Kijana_wa_Mkinga

Sasa hayo mashamba ya chumvi tunayafunguaje? Matuta yapo, mengine yamebomoka. Ndani kuna weupe wa chumvi, hapaoti kitu. Mzee mmoja anasema tubomoe matuta yote.

Mama_Matope

Mwambieni mzee asubiri. Ukibomoa ovyo, maji yanaingia kwa nguvu mahali pabaya, yanachimba, udongo wote unakwenda kufukia mkondo. Fuateni utaratibu huu.

Tafuteni picha ya zamani ya satelaiti, Google Earth ina za miaka ya nyuma na zinaonekana bure. Tazameni mikondo ilipita wapi kabla ya shamba. Mara nyingi alama ya mkondo bado inaonekana hata ndani ya shamba, ardhi ni ya chini kidogo na rangi imekolea. Tuta likatwe hapo hapo lilipouziba mkondo wa zamani, si mahali pengine. Mikondo ikiwa mitatu, kateni mara tatu.

Kina cha mkato kifike chini kabisa, usawa wa sakafu ya mkondo wa nje. Hili ndilo kosa la kawaida: watu wanakata tuta nusu, maji ya bamvua yanaingia, yakipwa yanabaki ndani kama karai. Jua linayapika, chumvi inapanda, mbegu zote zilizoingia zinachemka. Kipimo chenu ni rahisi. Nendeni saa maji yako chini kabisa. Mkikuta dimbwi lolote la kudumu ndani, mkato haujatosha au panahitaji mfereji mdogo wa kulikausha. Mfereji uchimbwe kwa jembe, uwe mpana juu na mwembamba chini, kingo za mteremko, la sivyo zitaporomoka.

Udongo wa tuta msiurundike pembeni. Rudisheni kwenye shimo ulikotolewa. Karibu kila tuta lina mtaro ubavuni. Rundo lililobaki juu ni kisiwa ambacho mikoko haitaota, na mvua italirudisha kwenye mkondo.

Chumvi: mkipata refraktomita (kifaa cha kupima chumvi kwenye tone la maji), fukueni shimo la sentimita 30, subirini maji yajichuje, pimeni tone. Bahari ni kama sehemu 35 za chumvi kwa elfu. Mkoko unaanza kuteseka mapema kuliko mchu; ukikuta 50 na kitu, mkoko msiuguse, wekeni mchu. Ukikuta zaidi ya 90, hakuna cha kupanda, acheni bamvua kadhaa na masika moja vioshe kwanza. Hamna refraktomita? Weupe wa chumvi ukionekana bado baada ya bamvua, hapajawa tayari.

Sheria_Kwanza

Kabla ya jembe kugusa tuta: Tanzania Bara misitu ya mikoko ni hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mnahitaji ruhusa yao kwa maandishi hata kama mnapanda na si kukata. Na shamba la chumvi "lililoachwa" lina mtu mwenye leseni au hati mahali fulani. Ulizeni serikali ya kijiji, halmashauri na ofisi ya madini, maana chumvi inahesabiwa kama madini. Mkibomoa tuta la mwenye leseni, kesi ni yenu, si ya mfadhili. Kwa upande wa Kenya, kundi linaingia kama chama cha msitu cha jamii chini ya sheria ya misitu ya 2016 na kusaini makubaliano ya usimamizi na KFS, shirika la misitu la Kenya.

Kijana_wa_Mkinga

Ahsante mkuu, tutaanza na TFS. Miche basi: tukipandia mapengo, tuokote mbegu zipi na tuzipande vipi?

Mkandaa_Mkavu

Hapa nipo nyumbani. Tazameni mti, si kalenda, maana msimu unatofautiana hata kati ya hori (mikono ya bahari) mbili jirani.

Mkoko: mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiigusa inachomoka bila kuvutwa. Ya kijani mpaka juu ni changa, itaoza. Kagueni kila moja: tundu dogo kama la sindano ni la mdudu mtoboaji, tupeni. Ncha iliyovunjika, tupeni. Chomekeni theluthi moja ya urefu, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Mnacheka, lakini siku za kampeni zenye wageni wengi zinazochomekwa kichwa chini hazikosekani.

Mkandaa: utaratibu huo huo, mbegu nyembamba, inaingia sentimita 5 hadi 7. Unafaa nyuma, kwenye ardhi ya juu iliyokauka kiasi.

Msinzi, ambao Wakenya wanauita muia: mbegu inaanguka na kofia yake nyekundu. Msiing'oe kwa nguvu, itatoka yenyewe.

Mchu: mbegu kama njugu iliyobapa. Lowekeni kwenye maji ya bahari siku moja hadi mbili, ganda litavuka. Msiichomeke. Ilazeni juu ya udongo wa kiriba na kuibonyeza kidogo tu, ikizikwa inaoza. Kwenye shamba la chumvi, mchu ndio utakaowafaa kuliko wote.

Mlilana: tunda lililoiva linalainika, liponde ndani ya ndoo, lioze siku chache, ndani kuna mbegu ndogo nyingi. Kitalu chake kinahitaji uangalizi. Kikundi kipya kisianze nao.

Viriba viwe mahali ambapo maji ya kawaida yanafika. Kitalu kilichojengwa juu sana kinataka mtu wa kumwagilia kila siku, na siku ya tatu haji. Udongo ni tope la hapo hapo msituni, si udongo wa shambani. Miezi miwili kabla ya kupanda toeni kivuli kidogo kidogo.

Mama_Matope

Kaa usiwasahau. Kaa wekundu wa msituni wanavuta mbegu mpya ndani ya mashimo yao usiku mmoja. Kuna njia ya zamani inayofaa kwa mkoko: mbegu zikae kivulini siku kadhaa, zinyauke kidogo, utamu unapungua na kaa anazidharau. Zisikae juani, zitakufa. Msitie sumu. Kaa hao hao ndio wanaotoboa udongo upate hewa, na ndio wanaokula majani yaliyodondoka na kuyarudisha udongoni.

Hori_la_Jomvu

Natoka upande wa Mombasa. Ongezeni suala la udongo unaoshuka na mvua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Mkoko unapumua kwa vitundu vilivyo kwenye ile mizizi ya miguu. Vikifukiwa, mti unakosa hewa hata kama maji ni mazuri. Sehemu kama hiyo ukipanda mkoko tena bila kushughulikia mashamba ya mlimani kule mto unakotoka, mvua ijayo ni ile ile. Mtu wa bahari anaweza kulazimika kwenda kuongea na wakulima wa bara kuhusu makinga maji.

Halafu makombe madogo yanayoganda kwenye shina la mche. Yakionekana mengi, msipoteze muda kuyakwangua. Ni dalili kwamba maji yanakaa muda mrefu mno kwenye huo mche, yaani mmepanda chini sana.

Mpenda_Kaboni

Wakuu, mmesema yote isipokuwa pesa. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji kule Gazi, Kenya, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao. Kikundi cha Mkinga kikipanda hekta 6 kinapata ngapi kwa mwaka?

Sheria_Kwanza

Taratibu kaka. Mikoko Pamoja ni hekta 117, na kati ya hizo kama 107 ni msitu wa asili unaolindwa, iliyopandwa ni 10. Wanauza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha miradi ya kaboni ya jamii, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Vanga, huko huko Kenya, wakafuata mwaka 2019 kwa hekta 460. Msigawanye 3,000 kwa 117 halafu mzidishe kwa 6. Sehemu kubwa ya hesabu ile ni msitu mkongwe usiokatwa. Mche wa mwaka mmoja bado hauna kitu. Na gharama ya ukaguzi ni karibu ile ile uwe na hekta 6 au 200, itameza mapato yote.

Pale Gazi taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ilikuwa ikipima miti kwa miaka mingi kabla ya mauzo ya kwanza. Bila vipimo vya mwanzo hakuna cha kuuza.

Tanzania kuna Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, na usajili unapitia kituo cha taifa cha kaboni kilichopo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kenya, marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya ardhi iwape jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Akija dalali na mkataba wa miaka 30 wa Kiingereza kitupu, msisaini siku hiyo.

Ushauri wangu: hekta 6 fanyeni kwa ajili ya kamba, kaa na ukingo wa kijiji. Kaboni izungumzwe ngazi ya wilaya, vijiji vingi vikiungana na msitu wao wa asili uliosimama.

Mkandaa_Mkavu

Na mtu wa boriti mumuwekee nini? Gazi walipanda mvinje nchi kavu ili watu wapate fito na nguzo kwingine. Mvinje kwenye mchanga mzuri unatoa nguzo nyembamba ndani ya miaka 4 hadi 6. Uanze mwaka ule ule mnaofungua matuta. Ukiwaambia watu wasikate leo na nguzo mbadala ije 2035, watakata usiku.

Kijana_wa_Mkinga

Nimeelewa. La mwisho: tutajuaje imefanikiwa, na tumuandikie nini mfadhili?

Fundi_Chelezo

Wekeni vipande vya sampuli vya mita 10 kwa 10, angalau 3 kwa kila sehemu yenye usawa tofauti wa ardhi, nguzo nne za pembeni zilizopakwa rangi. Kipande kimoja kiwe ndani ya msitu mzima wa jirani kwa kulinganisha. Kabla ya kukata tuta pigeni picha kutoka nguzo ile ile, upande ule ule.

Hesabuni baada ya miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka hadi wa 5. Kwenye daftari kuwe na safu mbili tofauti: iliyopandwa na iliyojileta. Mkizichanganya hamtajua kama kazi ilifanywa na mikono yenu au na maji. Andikeni aina, urefu, idadi ya majani, na kilichoua kila uliokufa: umeliwa, umeng'oka, umekauka, umefukiwa. Miche ikifa miezi 3 ya kwanza, tazameni kaa na mbegu mbovu. Ikifa kati ya miezi 6 na 18 huku ikiwa imesimama, rudini kwenye vijiti vya Mama Matope, usawa wa ardhi ndio wenye neno.

Mti ukikua, kipenyo kinapimwa sentimita 130 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko: huo unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wengi wanakosea hapo na hesabu nzima ya kaboni inaharibika.

Bwana_Bamvua

Kwa mfadhili: mwombeni abadilishe mstari wa "miche 20,000" uwe "hekta 6 zenye maji yanayoingia na kutoka, na angalau miche 2,500 hai kwa hekta mwaka wa tatu, iliyopandwa na iliyojileta". Fedha za viriba zihamie kwenye vibarua wa majembe, refraktomita moja na posho ya watu wa kuhesabu hadi mwaka wa 5. Akikataa, mwombeni aje siku ya maji kupwa asimame kwenye zile nyasi bahari na awaonyeshe mche wa kampeni iliyopita.

Kijana_wa_Mkinga

Sawa wakuu. Bamvua ijayo tunaweka vijiti, nitaleta namba hapa hapa mzikague.